Ekseli pana: mtaji au mzigo?

Mfanyabiashara anayepita Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan kule Nairobi, hakosi kuziona. Ekseli nzima nzima zimelazwa kando ya ukuta, nyingine zingali na matope ya nchi zilikotoka, nyingine zimepakwa rangi nyeusi ili zipendeze machoni. Muuzaji atakuambia kuwa ni za Land Cruiser kubwa, zimetoka Japani au zimepitia Sharjah, ni pana, ni ngumu, na ukishafunga umemaliza. Mnunuzi mwenye pikapu lake la zamani la kubebea mazao, au la kukodisha kwa wachimbaji wa Mererani, hupiga hesabu ya haraka kichwani, hutoa fedha na kuondoka na chuma chake.

Kwa kawaida ukurasa huu huhusu bei za mazao, fedha za kigeni na hisa. Wiki hii naomba ruhusa ya msomaji nizungumzie chuma hicho, kwa sababu wengi wetu mtaji wetu mkubwa hauko katika soko la hisa bali uko barabarani, juu ya magurudumu manne. Maoni yangu ni kwamba ekseli pana ni kitega uchumi kama vitega uchumi vingine. Inaweza kulipa, na inaweza kukufilisi. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni hesabu inayofanywa kabla ya kununua.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ekseli ninayoizungumzia hapa ni ile nzima, ambayo gurudumu la kulia na la kushoto yameunganishwa na hausingi moja ya chuma yenye difu ndani yake. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana ekseli ya namna hiyo mbele, kila gurudumu linacheza peke yake. Lakini gari la kazi ya porini bado linaipenda ekseli nzima, kwa kuwa ina viungo vichache, inastahimili mzigo na fundi wa kijijini anaifahamu.

Wazo la kuitanua halikuanzia kwa mafundi wetu. Land Rover za zamani za Series III zilikuwa na upana wa kama sentimita 131 kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine. Kampuni ilipotoa One Ten mwaka 1983, upana huo ulifika kama sentimita 148 na nusu, na bodi ikaongezewa kingo za plastiki juu ya magurudumu ili kuyafunika. Toyota nayo ilipoweka injini ya dizeli ya V8 katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 2007, ilitanua sehemu ya mbele ili injini ipate nafasi, lakini ekseli ya nyuma ikaachwa nyembamba. Tofauti ni karibu sentimita 9 na nusu. Huko Australia, ambako magari hayo yanapendwa mno, imezuka biashara nzima ya karakana zinazotanua ekseli ya nyuma ili ilingane na ya mbele.

Sababu yao ni ya kweli wala si ya mapambo. Gari lenye upana sawa mbele na nyuma likipita katika mchanga, gurudumu la nyuma hukanyaga pale pale lilipokanyaga la mbele, mahali ambapo mchanga umekwisha kushindiliwa. Lenye upana tofauti hulazimika kuchimba njia nne badala ya mbili. Injini hufanya kazi zaidi, na gari huyumbayumba linapofuata njia iliyochimbwa na malori. Kwa mtu anayelipia dizeli kutoka mfukoni mwake, hilo ni jambo la fedha.

Hapa kwetu shabaha ya wengi ni pikapu la zamani zaidi, lile la mfululizo wa 75 lenye springi za majani mbele na nyuma. Upana wake ni kiasi cha sentimita 141 au 142. Ekseli zinazotafutwa ni za Land Cruiser za mfululizo wa 80, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1990, ambazo upana wake ukiwa na rimu zake ni takribani sentimita 160. Zote zina stadi sita kwa gurudumu, kwa hiyo mnunuzi huona kama ndugu wamekutana. Pikapu za kuanzia mwaka 1999 zina stadi tano, na huko undugu unaishia.

Sasa niwasimulie jambo ninalolijua kwa karibu. Baba yangu mdogo ni mchuuzi wa vitunguu. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, na kuuza Karatu na Arusha. Pikapu lake lilikuwa la namna hiyo hiyo ya zamani. Siku moja alinipigia simu kwa furaha.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe umesomea biashara, hebu nisikilize. Nimepata ekseli mbili, mbele na nyuma, pana hasa. Gari sasa halitapinduka tena."

Nilimuuliza ametumia kiasi gani. Akanitajia bei ya ekseli tu. Nikamuuliza za kufungia je? Akacheka, akasema fundi ni mtu wake.

Gari lilikaa gereji siku 23, na msimu wa vitunguu ulikuwa umeanza. Viti vya springi vya ekseli ile havikuwapo, kwa kuwa gari ilikotoka lilitumia springi za koili. Ikabidi mabano ya zamani yakatwe na viti vipya vichomelewe. Propela ya mbele ikawa fupi. Fito za usukani hazikulingana. Ekseli ya nyuma ilikuwa na breki za diski na gari lilikuwa na ngoma, hivyo pampu kuu ya breki ikahitaji kubadilishwa. Tairi zikatokeza nje ya bodi, matope yakawa yanaruka hadi kwenye kioo cha dereva, na askari wa usalama barabarani akawa na la kuuliza kila kizuizi. Baadaye nilipolikagua daftari lake nilikuta kwamba kwa kila shilingi 100 alizolipa kununua ekseli, nyingine 85 zilikwenda katika kuzifunga. Humo sikuhesabu faida aliyoikosa kwa siku zile 23, wakati wenzake walikuwa wakipakia.

Lakini hiyo haikuwa hasara kubwa. Gari lilipotoka kweli lilitulia barabarani kuliko mwanzo. Baba mdogo akaona kuwa sasa anaweza kubeba zaidi. Akaongeza majani ya springi, akaweka tairi kubwa zaidi ili ekseli isigonge mawe, na magunia ya lumbesa yakapangwa safu moja zaidi juu. Safari ya nne au ya tano, akivuka korongo kwa ubavu, gari lililala. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Utingo alivunjika mkono, vitunguu vikamwagika korongoni, na chesisi ikapinda.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nitasema kwa hesabu, maana ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza.

Chukua nusu ya upana wa gari, igawe kwa kimo cha kitovu cha uzito wake kutoka ardhini. Jibu likiwa kubwa, gari ni gumu kupinduka. Likiwa dogo, jihadhari. Idara ya usalama barabarani ya serikali kuu ya Marekani, NHTSA, ilianza kutumia kipimo hicho kuwapa wanunuzi alama za hatari ya kupinduka kwa magari ya mwaka 2001. Tuchukue pikapu lenye upana wa sentimita 142 na, kwa mfano tu, kitovu cha uzito kilicho sentimita 80 juu ya ardhi likiwa na mzigo wa wastani. Nusu ya 142 ni 71. Gawa kwa 80, unapata 0.89. Tanua hadi 160, nusu yake ni 80, unapata 1.00 kamili. Hiyo ni nafuu kubwa, na hadi hapo muuzaji alisema kweli.

Sasa ongeza springi, ongeza tairi, ongeza safu ya lumbesa, na kitovu cha uzito kipande sentimita 15 tu. Themanini kwa 95 ni 0.84. Umerudi chini ya pale ulipoanzia, na fedha umekwisha toa. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kwa gari la namna hii, kila sentimita moja unayopandisha uzito juu inakula karibu sentimita mbili za upana ulionunua. Wengi wanaonunua ekseli pana wananunua ruhusa ya kupandisha gari na mzigo. Wanadhani wamenunua usalama, kumbe wameuuza siku hiyo hiyo.

Tairi kubwa nazo zina deni lake. Kipenyo cha tairi kikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu hupungua kwa kiasi cha asilimia 9, na kipima mwendo kinachoonyesha 80 maana yake unakwenda 88. Injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo ni mzee mvumilivu, lakini si wa kubebeshwa kila kitu. Ataomba gia ya chini mapema zaidi, na dizeli atainywa.

Kuna wenye haraka zaidi watakaosema: kwa nini ninunue ekseli, si nifunge spesa baina ya habu na rimu, au ninunue rimu zilizotokeza nje? Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ekseli. Ni kweli, na mkopo wa riba ya siku nao huanza kwa kiasi kidogo. Spesa haiongezi nguvu ya ekseli, inaongeza wenzo unaoivunja. Ikiwa kutoka kiti cha springi hadi katikati ya tairi ni sentimita 25, na wewe ukasogeza tairi nje kwa 5, nguvu inayotaka kuipinda hausingi pale kwenye springi imepanda kwa asilimia 20 bila kuongeza hata gunia moja. Bearing nazo zinabeba uzito mahali ambapo hazikutengenezewa. Mbele, usukani utaanza kupiga mikono ya dereva kila tairi linapogonga jiwe. Deni hilo hulipwa kidogo kidogo, bearing leo, stadi kesho, hadi siku gurudumu litakapotangulia mbele ya gari.

Na hapa pana jambo ambalo hata wanunuzi wa ekseli nzima hulisahau. Ekseli pana ikitolewa katika gari lenye chesisi pana na kufungwa katika chesisi nyembamba, viti vya springi husogea ndani. Wenzo ni ule ule niliousema. Kwa hiyo upana peke yake si dalili ya nguvu. Tazama unene wa hausingi, ukubwa wa krauni, na namna habu ilivyokaa. Ekseli ya mizigo ni ile ambayo uzito wa gari unabebwa na habu na bearing mbili juu ya hausingi, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Ukifungua nati za kifuniko cha katikati ya habu unaweza kuichomoa shafti na gurudumu likabaki limesimama. Ile ambayo shafti yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu, kama ilivyo nyuma ya pikapu nyingi ndogo, ikikatika shafti na gurudumu linakwenda. Anayebeba mizigo porini asibabaishwe na upana wa hiyo ya pili.

Ukiamua kununua, basi nenda sokoni na futi ya fundi, chaki na daftari. Upana wa ekseli hupimwa kutoka uso wa habu moja mahali rimu inapokaa hadi uso wa habu ya pili. Anayekupimia kutoka tairi hadi tairi anakuuzia na rimu ndani ya hesabu. Angalia kichwa cha difu ya mbele kimekaa upande gani, kwa sababu lazima kielekee upande ambao giaboksi yako inatolea propela ya mbele. Hakikisha difu ya mbele na ya nyuma zina uwiano mmoja. Hesabu meno ya krauni, gawa kwa meno ya pinioni: 37 kwa 9 ni 4.11, na 43 kwa 10 ni 4.3. Ukichanganya hizo mbili katika gari moja, siku utakapofunga gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, mbele na nyuma zitagombana na kitakachovunjika ni boksi. Kumbuka pia kwamba difu ya mbele ya mfululizo wa 80 ina krauni ndogo kuliko ya nyuma, ya inchi 8 dhidi ya inchi 9 na nusu, basi usiifanye ndiyo ya kukuvuta kila siku matopeni.

Nunua mbili pamoja, kutoka gari moja, zikiwa na habu, breki, fito za usukani na propela kama zipo. Bei ya jumla itakushtua, lakini ni nafuu kuliko kukusanya kipande kimoja kimoja huku gari limelala. Kabla ya fundi kuwasha mashine ya kuchomelea, kubalianeni kwa maandishi siku za kazi. Hausingi ikichomelewa kwa pupa inapinda, na ikipinda inakula tairi na bearing. Mwambie aende vipande vifupi, upande huu na ule, akiacha chuma kipoe. Kisha ijulishe kampuni yako ya bima. Bima ni mkataba wa kuaminiana, na gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kukuacha unahangaika na madai siku ya ajali.

Nina neno pia kwa wauzaji, ambao wengi ni wasomaji wa ukurasa huu. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba pale ambapo muuzaji anajua ubovu wa gari na mnunuzi hajui, mnunuzi hutoa bei ya wasiwasi. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai na kujitoa, na mwishowe sokoni hubaki mabovu. Mwaka 2001 alipewa pamoja na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ekseli zetu ziko katika hali hiyo hiyo. Mnunuzi hajui kama hausingi imepinda chini ya ile rangi nyeusi, basi anakupa bei ya hausingi iliyopinda.

Dawa yake ni nyepesi. Acha kupaka rangi. Andika kwa chaki juu ya kila ekseli upana wake, hesabu ya meno na mfululizo wa gari ilikotoka. Fungua kifuniko cha difu mnunuzi atazame. Mpe siku saba za kurudisha kama imepinda. Muuzaji atakayeanza kufanya hivyo atauza kwa bei ya juu kuliko jirani yake na hatahitaji kupiga kelele. Nchini Kenya, ambako magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, magari ya zamani yaliyokwisha kuingia yanafufuliwa na kufufuliwa tena. Soko la vipuri hivi lipo, na atakayelijengea imani ndiye atakayelishika.

Je, mwenye pikapu anunue au asinunue? Kama kazi yako ni ya njia za ubavu, mchanga na makorongo, na uko tayari kubaki na kimo kile kile cha gari na mzigo ule ule uliokuwa ukibeba, basi ekseli pana itakulinda na itajilipa kwa kupunguza ajali. Ifunge wakati wa msimu mfu, si wakati wa mavuno. Kama shabaha yako ni kubeba lumbesa moja zaidi, weka fedha hizo katika gari kubwa zaidi, au piga safari mbili badala ya moja. Na kama kazi yako ni ya lami, ekseli ya kiwandani inatosha. Ikarabati bearing na breki, kisha endelea na biashara.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Baba mdogo aliuza chesisi kama chuma chakavu, lakini zile ekseli mbili anazo bado, ziko nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mwezi uliopita alinipigia tena, akaniambia amepata mnunuzi. Nilimuuliza kama amemwambia kuwa gari lilianguka nazo.

Alinyamaza kidogo. "Nitamwambia," akasema. "Na bei nitapunguza."

Nikamwambia azipime kwanza kama zimenyooka, aandike vipimo kwa chaki, halafu ndipo waanze kuzungumza bei.